Maswali ya wasomaji: Chewa jike anageukaje dume, na mbona anamfuata pweza?

Mwezi huu maswali karibu yote ni ya chewa, nafikiri ni kwa sababu kaskazi imeingia na watu wanawaona wakubwa wakubwa wanashushwa bandarini. Nimeyachagua sita. Chewa ni wengi sana, wa mwambani peke yake ukianza kuwahesabu utachoka, kwa hiyo nikisema chewa bila kuongeza neno jueni namaanisha yule mkubwa wa rangi ya kahawia mwenye mabaka mabaka, ambaye juu ya macho paji lake limebonyea kama limekandamizwa na kidole, na pale shina la mkia linapoanza, kwa juu, ana doa jeusi kama tandiko la punda. Jina lake la kitaalamu ni Epinephelus fuscoguttatus, na alielezwa kwanza mwaka 1775 kutokana na samaki wa Bahari ya Shamu. Anapatikana kuanzia huko, akashuka pwani yetu yote, mpaka visiwa vya Pasifiki.

Mchuuzi wa samaki, Tanga, anauliza: Shikamoo. Mimi nauza samaki mwaka wa kumi na moja sasa. Chewa wadogo na wa kati nikiwapasua nakuta mayai, lakini hawa majitu makubwa ya kubebwa na watu wawili sikumbuki kama nimewahi kukuta mayai hata siku moja. Mzee mmoja pale sokoni kaniambia eti chewa wote wanazaliwa majike. Ananitania au ni kweli?

Marahaba dada. Hakutanii, ni kweli, na wewe kwa kisu chako umegundua jambo ambalo wataalamu wamelithibitisha kwa darubini. Chewa huyu anaanza maisha akiwa jike. Anakua, anakomaa, anataga misimu kadhaa, halafu baadhi yao wakishakuwa wakubwa ile mifuko ya mayai inaanza kunywea, chembe za mayai zinakufa na kufyonzwa na mwili, na palepale kwenye kiungo kilekile zinaanza kuota chembe za kiume. Baada ya muda anakuwa dume kamili anayetoa shahawa. Harudi tena kuwa jike.

Siku nyingine ukipata mkubwa katika msimu wao, kabla hujatupa matumbo hebu mtazame vizuri. Fuata utumbo mpaka karibu na tundu la haja, utakuta vifuko viwili vimelala sambamba chini ya uti wa mgongo. Kwa jike aliye tayari vimejaa, vya njano au vya rangi ya chungwa, na ukibonyeza unahisi chembechembe kama dagaa wa unga. Kwa dume ni vyeupe, laini, na ukikata kinatoka kitu kizito cheupe kama tui la kwanza. Mimi mara ya kwanza kuonyeshwa nilikuwa kijana, nilisimama pale kwenye meza ya zege mkono umejaa magamba nikasahau kabisa kuwa nimetumwa kununua samaki wa mchana.

Ila usije ukasema kila mkubwa ni dume. Kwa aina hii urefu wa majike na madume unaingiliana, wapo majike wakubwa tu ambao hawajageuka. Lakini ukipanda kwenye wale wakubwa kabisa, anafika mpaka sentimita 120 huyu, hapo wengi ni madume.

Sasa kinachoniuma mimi ni umri. Ndani ya kichwa cha samaki kuna vijiwe vidogo vya masikio, vinaongezeka pete kila mwaka kama mti, ukikata kimoja kwa wembamba ukakiweka chini ya darubini unahesabu miaka. Huko Australia kwenye mwamba mkubwa wa Great Barrier Reef waliwahesabu chewa hawa wakakuta wanaishi zaidi ya miaka 40. Na majike hawaanzi kutaga mapema, nusu yao wanakuwa wamekomaa wakifika miaka kama tisa hivi. Tisa dada! Tasi ndani ya muda huo ameshaleta vizazi chungu nzima. Yaani yule jitu unayemkata vipande asubuhi kuna uwezekano amezaliwa kabla ya mtu anayemnunua, na ule uanaume wake ulichukua miaka mingi sana kutengenezeka, ukimtoa dume mmoja humpati mwingine wiki ijayo.

Mfano ninaoujua wa kuogopesha ni wa Ghuba ya Meksiko. Kule wana chewa wao wanaitwa gag, naye ni jike kwanza dume baadaye. Miaka ya 1970 madume walikuwa kama asilimia 17 ya samaki wote, wakavuliwa wakubwa, wakavuliwa, kufika mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakabaki kama asilimia 2. Majike wapo na mayai yapo, dume wa kuyarutubisha ndiye anatafutwa kwa tochi.

Kwa hiyo wewe ulivyo pale sokoni una nafasi ambayo mtafiti hana. Ningekuomba uwe na daftari, tarehe, urefu, mayai au shahawa, basi. Miaka kumi na moja ya daftari la namna hiyo ingekuwa dhahabu.

Mvuvi wa pweza, Kusini Unguja, anauliza: Asalaam alaykum. Sisi tukizamia tunaona chewa wanatembea na pweza, wengine wanakaa mlangoni kwa mkunga. Wenzangu wanasema chewa ni mlinzi wa pweza. Mimi naona kama wanawinda pamoja, au macho yangu?

Wa alaykum salaam kaka. Macho yako yako sawa, na hili swali ndilo lililonifurahisha kuliko yote.

Anza na mdomo wa chewa. Hana meno ya kukata, ana visafu vya meno madogo madogo ya kumzuia mtu asitoroke. Anachofanya anafungua kinywa ghafla, kinywa kikubwa mno, maji yanavutwa ndani na samaki anaingia nayo, anamezwa mzima. Kwenye maji ya wazi hakuna anayemshinda kwa mita mbili tatu za kwanza. Lakini yule samaki akiwahi kuingia kwenye ufa wa jiwe basi chewa kashindwa, kichwa hakipiti. Sasa mkunga anapita. Na pweza anapita, mkono wake unaingia popote. Wao nao wakiwinda peke yao wanawafukuza samaki kutoka ndani ya mawe na hao wanakimbilia nje, kwenye mdomo wa chewa. Umeona? Samaki mdogo hana pa kwenda, ndani kuna mkunga nje kuna chewa.

Mwaka 2006 mtafiti Redouan Bshary na wenzake walichapisha walichokiona Bahari ya Shamu. Chewa wa kule, wa ukoo mwingine unaoitwa Plectropomus, anakwenda mpaka kwenye tundu la mkunga mchana mkunga akiwa amelala zake, anajiweka mbele ya uso wake, karibu kabisa, halafu anatikisa kichwa haraka haraka. Ni kama kubisha hodi. Mara nyingi mkunga anatoka na wanaongozana bega kwa bega wakikagua mwamba. Na kuna la pili, ambalo mimi nalipenda zaidi: samaki akishakimbilia ufa, chewa anakwenda juu ya ule ufa anasimama kichwa chini mkia juu, anatikisika, anangoja. Anaonyesha. Mkunga akija anachungulia palepale. Mnyama asiye na mkono wala kidole anamwambia mwenzake wa jamii nyingine "yuko hapa".

Na hawagawani kitu, atakayempata anammeza peke yake, mzima mzima. Ushirika unadumu kwa sababu leo kapata huyu kesho kapata yule.

Kuhusu pweza, hapo maneno ya ulinzi ndiyo siyakubali. Mwaka 2020 ilitoka ripoti nyingine ya Bahari ya Shamu kuhusu Octopus cyanea, huyuhuyu pweza wenu wa mchana mnayemchokoa kwa nondo, wanawinda kundi moja pweza na samaki kadhaa, mkundaji yumo, chewa wadogo wamo. Pweza anawapiga ngumi samaki! Anakunja mkono anaufyatua, samaki anasukumwa pembeni. Na chewa mdogo mwenye ncha nyeusi kwenye pezi la mgongo ni mmoja wa wanaopigwa, kwa sababu yeye anapenda kukaa akingoja wengine wafanye kazi. Kwa hiyo ukiona chewa yuko nyuma ya pweza usimhesabie wema, yuko kazini, na pweza mwenyewe anajua.

Halafu kaka nakuuliza na mimi, nyinyi mnaozamia kila bamvua mmeshaona ngumi hiyo? Niandikie. Mnakaa na hawa wanyama saa nyingi kuliko mtafiti yeyote.

Msomaji wa Mombasa anauliza: Ni kweli chewa mkubwa anaweza kuwa na sumu? Nina mtoto mdogo nyumbani.

Ipo sumu inaitwa siguatera. Inaanzia kwa vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho vinavyokaa juu ya mwani wa mwambani, samaki wala mwani wanaila, wakubwa wanawala wadogo, sumu inajikusanya kwenye nyama mpaka kwa aliye juu, na chewa mkubwa yuko juu. Kupika hakuiondoi, kugandisha hakuiondoi, ndimu haiondoi, na samaki hanuki wala habadiliki ladha. Dalili zake ni kutapika, kuharisha, midomo na vidole kufa ganzi, na ile ya ajabu ya kugusa kitu cha baridi ukahisi kinaunguza. Katika bahari yetu hii ya Hindi visiwa vya Réunion na Mauritius ndiko inakojulikana zaidi. Mtu akipata dalili hizo baada ya kula samaki aende hospitali na aseme amekula samaki gani. Kwa mtoto mdogo mimi ningempa changu wa sahani, sio pande la jitu, na kichwa na maini ya chewa mkubwa ningeyaacha kabisa maana huko sumu hukaa zaidi.

Msomaji wa Msambweni anauliza: Babu yangu alikuwa mvuvi wa mshipi. Alikuwa akisema iko mahali chewa wanakutana kaskazi, wanakuja kutoka kila upande, wanakaa siku chache wanapotea. Alikataa kutuonyesha mpaka amekufa. Ni hadithi za wazee au liko kweli hilo?

Mungu amrehemu babu yako. Liko kweli.

Chewa mwaka mzima ni mtu wa peke yake, ana jiwe lake, hapendi mgeni. Lakini ukifika msimu, kwa siku chache za mwezi, wanaacha mawe yao wanasafiri, wengine kilomita kadhaa, wanakutana mahali palepale mwaka baada ya mwaka. Mara nyingi ni kwenye mlango wa mwamba au kwenye pembe ambapo miamba inashuka kwenye kina na mkondo unavuta kwenda nje. Madume wanatangulia, kila mmoja anashika kipande chake, wanapigana, wanaumana midomo, rangi zinapauka na kuiva. Majike wanafuata wamevimba matumbo, wanakaa siku chache tu, wanataga, wanaondoka. Mayai hayafiki milimita moja, yanaelea, yanachukuliwa na mkondo na ndani ya siku moja hivi yanaanguliwa. Kijichewa kinachotoka kinaota miiba mirefu kama kimebeba mikuki, kinaelea bahari kuu wiki kadhaa ndipo kirudi kwenye maji madogo, kwenye majani ya bahari, kukua.

Huko kwenu pwani ya kusini ya Kenya watafiti wameyathibitisha makutano ya chewa huyuhuyu, msimu wa kaskazi kama alivyosema babu, na walianzia wapi? Kwa kuwauliza wavuvi. Shelisheli nako yapo, kisiwa cha Farquhar.

Na babu yako alikataa kuwaonyesha. Nimekaa na sentensi yako hiyo siku mbili. Labda alikuwa anaficha riziki yake, wavuvi wote wanafanya hivo, lakini labda pia alijua kitu, manake mahali hapo pakijulikana ndio mwisho wake. Samaki wa eneo zima wamejileta kwenye uwanja mmoja, mvuvi anaona ni wengi kumbe ndio hao wote, hakuna wengine waliobaki nyumbani. Leo kuna jipiesi kwenye simu, sehemu ambayo babu aliishika kichwani kwa kupanga mnazi na mnara, kijana anaihifadhi kwa kidole kimoja na jioni imeshatumwa kwenye grupu.

Ngoja nikupe kisa cha mbali kidogo, visiwa vya Cayman, Karibi. Kule kuna chewa wa Nassau, ana tabia hizihizi, wanakutana mwezi mpevu wa majira ya baridi. Mwaka 2001 wavuvi waligundua makutano pembeni mwa kisiwa cha Little Cayman, samaki kama 7,000. Misimu miwili tu walishavua kama 4,000. Mwaka 2003 serikali ikafunga uvuvi pale. Waliendelea kuwahesabu kila mwaka, na miaka mingi hakuna kilichobadilika, watu wakaanza kuuliza kufunga kunasaidia nini, kisha ghafla vizazi viwili vitatu vikashika na idadi ikapanda mpaka karibu na ile ya mwanzo, ilichukua kama miaka 15. Huko Palau nako, Pasifiki, tangu sheria yao ya 1994 miezi ya kutaga hairuhusiwi kuvua wala hata kuuza chewa, na chewa wetu huyu yumo kwenye orodha yao.

Kwetu watu wameshazoea kufunga mwamba kwa ajili ya pweza, Kisiwa Panza kule Pemba wamefanya, miezi kadhaa hakuna kushuka, siku ya kufungua kila mtu anajaza ndoo. Pweza anakua haraka, unayaona matunda mwaka huohuo. Chewa hana ukarimu huo. Lakini makutano yake ni siku chache na mahali padogo, na ndiyo sababu mimi naona inawezekana, mtu haambiwi asivue bahari nzima, anaambiwa pale, siku zile, acha. Kwenye orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini huyu ameshawekwa kundi la walio katika hali ya kuweza kutoweka, na makutano haya ndio tundu kubwa anakovujia.

Usiwaambie watu jina la mahali hata ukiwahi kulijua. Kama kijiji chenu kina kamati ya bahari waambie wao, ana kwa ana.

Msomaji wa Muscat anauliza: Mimi mama yangu ni wa Unguja, huku tunakula hamour karibu kila wiki. Mama anasema ni chewa tu. Ni huyohuyo?

Mama hajakosea, hamour ni chewa. Ila si yuleyule wa mabaka, wa Ghuba huyo wanayemwita hamour hasa ni Epinephelus coioides, ana madoa ya rangi ya chungwa au kahawia mwilini na anapenda hata maji ya tope na mikoko, naye yuko mpaka pwani ya Afrika Mashariki. Mahotelini lakini neno hamour limekuwa koti la kila chewa. Naye anaanza jike, naye amevuliwa sana huko Ghuba. Msalimie mama.

Kijana wa Mafia anauliza: Tukivuta chewa kutoka maji marefu anatoka na kitu kama puto mdomoni na macho yamemtoka. Nikimpata mdogo nataka nimrudishe lakini anaelea tu tumbo juu, ndege wanamchukua. Nifanyeje?

Asante sana kwa kuuliza hili mwanangu. Chewa ana kibofu cha hewa ndani kinachomsaidia asizame wala asipande. Kule chini maji yanakigandamiza, ukimvuta haraka mgandamizo unaondoka na ile hewa inavimba, kibofu kinajaa au kinapasuka na kulisukuma tumbo la chakula mpaka linatokea mdomoni. Hilo puto unaloliona ndilo tumbo lake. Usilitoboe! Wengi wanalitoboa kwa ndoana wakidhani wanatoa hewa, wanamtoboa tumbo.

Dawa yake ni kumrudisha chini alikotoka, maji yenyewe yatamgandamiza upya. Chukua risasi nzito au jiwe la kilo moja mbili kufuatana na samaki, lifunge kwenye mshipi wa akiba, na hapo juu ya jiwe funga ndoana kubwa uliyoisaga ile chembe yake kwa tupa ikawa laini, tundu lake likitazama chini kwenye jiwe, mpindo wake ukiwa juu kwenye mshipi na ncha ikitazama chini. Mtumbukizie kwenye ngozi nyembamba ya mdomo wa chini, mshushe taratibu uzito ukitangulia. Ukifika chini au karibu na chini, vuta mshipi juu kwa mshtuko mmoja, ndoana isiyo na chembe inachomoka na samaki anabaki. Fanya haraka, kila dakika anayokaa juani ndani ya chombo inamwondolea uhai, na mshike kwa mkono uliolowa, usimwinue kwa matamvua. Ukitaka kujaribu kabla, funga kitambaa badala ya samaki ujue mkono wako unavyopaswa kushtua.